Joto na gegedu la pua: kwa mnaoanza kutumia mawimbi ya redio

Kazi hii ni kupasha joto gegedu (ule mfupa laini) la pua kwa ncha ya mashine ya mawimbi ya redio, ili libadilike umbo na hewa ipite vizuri. Namba inayosomeka kwenye mashine ndiyo inayowapoteza wageni wengi wa kazi hii. Mashine ikionyesha nyuzi 60, hilo ni joto la pale ncha inapogusa utando wa pua. Gegedu liko chini yake, na joto linalolifikia hutegemea mkono wako. Ukikandamiza sana, utando unakuwa mwembamba na gegedu linaungua. Ukigusa juu juu, unaunguza utando tu na gegedu halijasikia kitu.

Kwanza hakikisha tatizo ni valvu ya pua, yaani sehemu nyembamba zaidi ya njia ya hewa puani. Ingiza kijiti butu, nyanyua kidogo gegedu la juu la pembeni, mwambie mgonjwa avute pumzi. Akipata nafuu papo hapo, endelea. Aliyezibwa na aleji ya vumbi (na Kampala vumbi halikosi) umtibu aleji kwanza.

Weka alama kwa kalamu kabla ya sindano, maana dawa ya ganzi huvimbisha mahali na kuficha umbo. Lidokeini ya 1% yenye adrenalini ya 1 kwa 100,000 yatosha, kidogo tu, kisha subiri dakika 10. Kumbuka adrenalini hubana mishipa: damu ambayo ingebeba joto imepungua, kwa hiyo joto linakaa.

Mpangilio uliozoeleka kwa valvu ni wati 4, nyuzi 60, sekunde 18 za kupasha na sekunde 12 za kupoa. Hapo kwenye 12 ndipo watu hukosea. Gegedu likipata joto, mkazo wake wa ndani hulegea. Likipoa, hushika umbo lilimo. Ukitoa ncha mapema, gegedu bado ni laini na linarudi lilikotoka. Basi tulia, sukuma kwa nje kwa nguvu ileile mpaka muda uishe, na kidole cha mkono wa pili kiwe juu ya ngozi ya pua. Ukihisi ngozi inapata moto, acha.

Sehemu 3 au 4 kila upande, zisigusane, na usirudie palepale hata kama hujaridhika. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na utando unaolifunika. Ukiuunguza utando huo, gegedu hufa polepole, na tundu huja wiki kadhaa baadaye.

Kwa mazoezi, chukua pua ya nguruwe pale machinjio ya nguruwe ya Wambizzi, Nalukolongo, Kampala. Kata kipande cha gegedu cha milimita 1 hadi 2, kiloweke kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. Kikitoka kwenye friji kitakudanganya. Kikunje, kipashe, kishike mpaka kipoe. Kikinyooka kama kawaida, joto halikutosha. Kikibaki kimepinda na bado kinadunda ukikibonyeza, ni sawa. Kikisinyaa na kubadilika rangi, umekipika.

Mgonjwa mwambie mapema kwamba siku za kwanza pua inaweza kuziba zaidi kwa uvimbe. Asafishe kwa maji ya chumvi, magamba asiyabandue.