Umekabidhiwa wakufunzi wapya wa unesi? Anza na mikono yao

Dada uliyeuliza, umesema chuo kimekupa wakufunzi wapya wawili uwalee, wote manesi wazuri wametoka wodini, na hujui uanzie wapi. Nimelea wakufunzi wapya kwa muda sasa, nikupe ninachokijua.

Kwanza achana na mafaili. Mtaala watausoma wenyewe. Shida yao ni kwamba wanaijua kazi mpaka wamesahau wanaijuaje. Patricia Benner, msomi wa unesi, alishaandika tangu 1984 kwamba nesi bingwa hahesabu tena hatua kichwani, anaiangalia hali nzima na anajua cha kufanya. Sasa mtu wa hivyo ukimpa darasa anarudi kuwa mwanagenzi, na inauma jamani, aliyekuwa anaitwa kila mgonjwa akibadilika leo mwanafunzi anamuuliza "kwa nini" anabaki "ndo inavyofanywa".

Nenda naye kwenye maabara ya stadi, chumba cha mazoezi ya mikono kwa mdoli, umwangalie tu. Mmoja niliyemlea alikuwa anafundisha kuvaa glavu steraili (zisizo na vijidudu, nje yake haiguswi na mkono mtupu), akavaa chapchap, safi kabisa, akauliza "mmeona?" wote ndiyooo. Wa kwanza kujaribu akashika glavu ya kwanza kwa nje, ya pili kidole gumba chenye glavu kikagusa ngozi ya mkono mtupu, na mkufunzi badala ya kuuliza akamnyang'anya akamalizia mwenyewe. Hapo ndo pa kufanyia kazi.

Kuna njia ya hatua nne ya Peyton, daktari wa upasuaji, ya 1998: unafanya kwa mwendo wa kawaida bila kusema kitu, unarudia polepole ukieleza, unafanya tena ila safari hii mwanafunzi ndo anakuelekeza, mwisho anafanya yeye huku anasema. Wengi wanaruka ya tatu eti muda hautoshi, na ndo yenye utamu wote, maana akikwambia "chukua glavu" unamuuliza "niishike wapi?" na papo hapo unajua kama ameelewa au alikuwa anaitikia tu. Mkufunzi mpya mwambie mikono nyuma mpaka mwanafunzi amalize. Hiyo ni kwa mdoli lakini, wodini mgonjwa akiwa hatarini anaingilia hapo hapo, mambo ya ualimu baadaye.

La pili ni kumfelisha mtu. Hili watu hawalisemi. Utafiti wa Kathleen Duffy kule Scotland, 2003, ulionyesha wasimamizi walikuwa wanawapitisha wanafunzi huku wenyewe wana mashaka nao, na mkufunzi mpya ndo kabisa, anaogopa kuonekana mkali halafu hana maandishi mkononi. Kwa hiyo kabla ya mtihani wa vitendo wewe na yeye msahihishe mwanafunzi yule yule, kila mtu na cheklisti yake, kisha mlinganishe, mtashangaa. Na mfundishe kuandika kila siku. "Hajui kazi" sio maandishi. "Hakumuuliza mgonjwa jina wala hakuangalia bangili yake ya utambulisho kabla ya kutoa dawa, nimemweleza leo leo" hayo ndo maandishi. Mwanafunzi aambiwe katikati ya mzunguko wake wa mazoezi wodini, akiwa bado ana muda wa kujirekebisha, sio siku ya mwisho anakutana na F.

Maswali ya kuchagua, slaidi na hayo mengine atajifunza njiani, wewe mpitie tu maswali yake kabla hayajachapwa.

Halafu upande wako. Omba masaa ya kulea yakatwe kwenye vipindi vyako na iandikwe, la sivyo utakuwa unawaona korido tu mkipishana. Na kama inawezekana usiwe wewe unayejaza fomu yao ya kuthibitishwa kazini, maana akijua kalamu iko kwako hatakwambia kwamba jana darasa lilimshinda.