Maswali ya Wasomaji: Kuandika na Kusoma Kiassam kwenye Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayesoma shahada ya uzamili huko Guwahati, katika jimbo la Assam, India. Tasnifu yangu inahusu wakulima wadogo wa chai, na mahojiano yote niliyafanya kwa Kiassam, kwa hiyo inanibidi kunukuu kauli zao kwa maandishi yao wenyewe. Kompyuta yangu inatumia Windows. Niliongeza kibodi ya Kibengali baada ya kuambiwa kwamba maandishi ni yale yale, lakini msimamizi wangu amenirudishia sura nzima akisema kwamba baadhi ya herufi si za Kiassam. Isitoshe, dada yangu aliyeko Morogoro, ambaye hunisaidia kupanga kurasa kwa kompyuta yake ya zamani, anaona viboksi vitupu mahali pa nukuu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, hayo ni matatizo mawili yasiyotegemeana. Namna unavyoandika huamuliwa na kibodi uliyoichagua, na namna maandishi yanavyoonekana kwa mwingine huamuliwa na fonti zilizomo katika kompyuta yake.

Tuanze na la msimamizi wako, ambaye ana haki kabisa. Kiassam na Kibengali vinatumia mwandiko wa asili moja, na katika Unicode, yaani mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, lugha hizo mbili zimewekwa katika fungu moja lenye jina la Kibengali, kuanzia U+0980 hadi U+09FF. Jina hilo limewaudhi Waassam wengi, nami naona wana sababu, maana limewafanya watu waamini kwamba Kiassam hakina herufi za pekee. Kinazo. Sauti ya r huandikwa ৰ, ambayo namba yake ni U+09F0, na sauti ya w huandikwa ৱ, ambayo ni U+09F1. Kibengali huandika r kwa র, yenye nukta chini, ambayo ni U+09B0, na hiyo ndiyo kibodi yako ilikuwa ikikupa. Kwa kompyuta, hizo ni herufi mbili tofauti, hivyo mtu atakayetafuta neno ৰাতি, yaani usiku, hatalipata katika tasnifu ambamo limeandikwa রাতি.

Ili kuisahihisha sura iliyokwisha kuandikwa, tumia amri ya kutafuta na kubadilisha, ugeuze kila র iwe ৰ, isipokuwa kama umenukuu pia Kibengali halisi. Kwa ৱ hakuna njia ya mkato. Kwa kuwa herufi hiyo haitumiki katika Kibengali cha kawaida, huenda uliweka nyingine badala yake, na itakubidi upitie neno kwa neno, ikiwezekana pamoja na msemaji wa Kiassam.

Kisha fungua Mipangilio ya Windows, uingie sehemu ya saa na lugha, uongeze lugha mpya na kuchagua Kiassam, ambacho katika orodha utakiona pia kwa jina lake, অসমীয়া. Pamoja nacho itakuja kibodi ya InScript, na utahama kutoka kibodi moja hadi nyingine kwa kushikilia kitufe cha Windows na kubonyeza kitufe cha nafasi. InScript ni mpangilio rasmi wa India: irabu ziko upande wa kushoto, konsonanti upande wa kulia, na sauti moja hukaa mahali pamoja katika karibu miandiko yote ya nchi hiyo. Ili kuandika ৰাতি utabonyeza j, e, l, kisha f. Ukibonyeza f utaona alama ya irabu i ikiruka na kukaa kushoto kwa ত, ingawa umeiandika baada yake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukijaribu kuiandika kwanza kwa sababu ndivyo jicho linavyoiona, utapata kiduara cha vitone, ambacho ni ishara ya alama iliyokosa herufi ya kuishikilia. Konsonanti zinazoungana huunganishwa kwa kitufe cha d: umbo la ক্ষ, kwa mfano, hupatikana kwa k, d, kisha Shift pamoja na kitufe cha alama ya mkato (,). Kariri kwanza vitufe vya herufi unazozihitaji mara kwa mara. Mikono huzoea upesi kuliko unavyodhani.

Kuhusu viboksi vya Morogoro, kompyuta ya dada yako haina fonti yenye herufi hizo. Nirmala UI huja na Windows kuanzia toleo la 8, na asiyekuwa nayo anaweza kupakua Noto Serif Bengali bila malipo. Times New Roman haina herufi hizo hata kidogo, kwa hiyo usilazimishe tasnifu nzima iwe katika fonti hiyo. Nakala ya mwisho itume kwa PDF, ambayo hubeba fonti ndani yake.

SWALI: Nafanya kazi ya kupanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji Nairobi. Mteja wa biashara ya chai ameleta faili la Kiassam, lakini ninachokiona ni mchanganyiko wa herufi za Kilatini na alama zisizo na maana. Nimeweka fonti ya Noto na hakuna kilichobadilika.

JIBU: Faili hilo liliandikwa kwa fonti ya mtindo wa zamani, wa kabla ya Unicode kuenea, ambapo umbo la herufi ya Kiassam liliwekwa juu ya namba ya herufi ya Kilatini. Noto inakuonyesha kwa uaminifu kile kilichomo, nacho ni Kilatini. Mwulize mteja jina la fonti iliyotumika, ugeuze maandishi kwa kigeuzi kilichotengenezwa kwa ajili ya fonti hiyo hiyo, kisha umrudishie ayasome kabla hujachapisha chochote, kwa sababu herufi zilizoungana huharibika kwa urahisi katika kugeuzwa. Kama unatumia InDesign, chagua kipangaji cha aya cha World-Ready. Bila hicho alama za irabu zitakaa mahali pasipo pake hata kama maandishi yenyewe ni sahihi.

SWALI: Je, kwenye Linux na simu?

JIBU: Katika Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, sakinisha ibus-m17n, programu ya kuandikia lugha mbalimbali, pamoja na fonti ya Lohit Assamese, kisha uongeze kibodi ya Kiassam katika mipangilio ya kibodi. Katika simu za Android, Gboard, yaani kibodi ya Google, inayo Kiassam. Hakikisha tu kwamba hukuchagua Kibengali.