Kijani inabakia ku nywele: nifanye nini?

SWALI: Yaya, jambo sana. Niko na studio kidogo huku Kadutu, Bukavu. Batu banakuja banaomba foto, nyuma yao kuwe Ziwa Kivu ao Paris, basi nilinunua kitambaa ya kijani nikaitundika ku ukuta, lakini nikimukata mutu mu ordinatere, nimutoe ku kitambaa nimuweke mbele ya foto ingine, kunabakia mustari ya kijani ku nywele na ku mashavu, na tena maua ya bibi-arusi yanatobokatoboka. Programu yangu njo mubaya?

JIBU: Mudogo wangu, programu uiache kwanza, shida iko mbele ya kamera. Ile mustari ni mwangaza: taa inapiga kitambaa, kitambaa inarudisha kijani juu ya mutu, na kola ya shati nyeupe njo inakuonesha haraka kuliko yote, uiangalie kwa karibu utaiona. Mutu akisimama karibu kugusa kitambaa hakuna programu itamusafisha vizuri. Umulete mbele, mita 2 ao zaidi, na kama chumba haitoshi basi piga nusu mwili tu, tena kunja kitambaa yote yenye haionekani nyuma yake juu kila kipande ya pembeni inamurudishia kijani ya bure.

Kisha taa. Kitambaa iwe na taa zake, mutu naye na zake, usizichanganye. Weka taa 2 za aina moja, moja kila upande, halafu piga foto ya kitambaa peke yake bila mutu uiangalie: kama kona moja inang'aa na ingine iko giza, sogeza taa paka ilingane, juu programu inatafuta rangi moja na wewe unaipa rangi nyingi. Piga pasi, vuta kitambaa na vibanio, kila kunjo ni kivuli. Lakini usiimulike sana, ikianza kuwa karibu nyeupe rangi imeisha. Umeme ukikatika, toka inje mu kivuli, siku ya mawingu mwangaza inakuwa laini na inalingana yenyewe, ni bora sana kuliko kulazimisha balbu moja.

Sasa maua. Majani yake ni kijani, kwa hiyo yanakatwa pamoja na kitambaa! Bibi-arusi mwenye maua, mama mwenye kitenge ya kijani, hao utundikie bluu. Mwanafunzi mwenye yunifomu ya bluu na nyeupe, ao mwenye anataka kushika bendera yetu ya bluu, yeye umurudishe ku kijani. Nunua vitambaa vyote 2, nakuambia kweli, utavitumikisha. Ila ukiweka bluu ongeza mwangaza: mu kamera nyingi za leo nusu ya vidoti vya kupokea rangi ni vya kijani, robo nyekundu, robo bluu, njo maana kijani inatoka safi hata taa ikiwa kidogo.

Ku kamera yenyewe, ISO (ile namba ya vile kamera inahisi mwangaza) ibakie chini, 100 ao 200, maana ISO ikipanda chembechembe zinaonekana mu foto, pale ku kitambaa. Piga RAW, ni kusema foto mbichi yenye kamera haijatengeneza, kama iko nayo. JPEG, ile foto ya kawaida yenye kamera inabana ipungue uzito, mara nyingi inabana rangi zaidi kuliko mwangaza, na rasta za mama njo zinaumia wa kwanza, pale ku ncha zake.

SWALI: Mimi niko Goma, nakata safi kabisa, lakini mutu anaonekana kama amebandikwa. Juu ya nini?

JIBU: Dada, uchague foto ya nyuma mbele ya kumupiga mutu. Kama ku ile foto jua inatoka kushoto, taa yako kubwa nayo itoke kushoto, na kama ile ilipigwa kamera ikiwa ku kifua, yako nayo ikae ku kifua. Kisha fifisha foto ya nyuma kidogo isionekane kali kama mutu, na ukionesha miguu umuchoree kivuli chini, la sivyo ataelea.