Farasi Dume Aliyezungushwa Mashambani

SWALI: Mhariri, katika gazeti la New Zealand la karne ya 19 nilikuta tangazo kwamba farasi dume "atasafiri" wilayani Canterbury msimu huo. Alisafiri kwenda wapi, na kwa faida ya nani? — Msomaji, Tanga

JIBU: Alikwenda kupandisha, ndugu msomaji. Walowezi wa Canterbury, koloni lililoanzishwa mwaka 1850, walilima ngano kwa plau zilizovutwa na farasi, lakini wakulima wadogo hawakumudu kununua dume la ukoo bora, kwa mfano Clydesdale wa Uskoti. Kwa hiyo mwenye dume alimkabidhi kwa mtunzaji, ambaye alimwongoza kwa kamba kutoka shamba hadi shamba, akilala kwenye hoteli za njiani ambazo tangazo lilizitaja pamoja na siku ya kufika.

Ratiba hiyo haikupangwa ovyo. Farasi jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi, hivyo dume alipopita tena, jike huyo alijaribiwa upya. Mimba huchukua takriban miezi 11, na kwa kuwa majira ya machipuko ya huko huanza Septemba, majike walipandishwa kuanzia mwezi huo ili watoto wazaliwe majani yakiwa mabichi.

Ada ilihesabiwa kwa gini, yaani shilingi 21 za Kiingereza, na mara nyingi mtunzaji alikuwa na ujira wake kando. Matangazo yenyewe yalikuwa na majigambo ya sokoni: rangi, kimo, zawadi za maonyesho, hata jina la babu yake!