Baba anasikia lakini haelewi: tumnunulie kifaa cha kusikia?

Swali: Baba yetu ana miaka 68. Alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, hapa Tanga mpaka alipostaafu. Siku hizi televisheni anaifungulia mpaka majirani wanasikia, na wajukuu anasema wanamnong'oneza. Lakini ukipaza sauti anakasirika: "Msinipigie kelele, mimi si kiziwi!" Kila akioga anachokonoa masikio kwa vijiti vya pamba. Kaka yangu ameona mtandaoni kifaa cha kusikia cha bei nafuu, anataka kukiagiza. Tununue? Naye kaka anaendesha mashine ya kusaga, tunaogopa yasije yakamkuta yaleyale. (Msomaji, Muheza)

Jibu: Dada, nifikishie shikamoo kwa Mzee. Kifaa msikiagize kwanza, apimwe.

Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Umri huzipunguza, kelele za miaka mingi huziua mapema, na zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Kwa hiyo Baba bado anaisikia vizuri ngurumo ya lori, na irabu kama a na o zinamfikia. Zinazompotea ni konsonanti kama s, f, sh, t na k, ambazo ni nyembamba tena hafifu. Ukimwambia "Asha amefika" akiwa amekupa mgongo, anaweza kupokea "amepika" au "ameshika". Irabu zote zimefika, imepotea herufi moja tu ya katikati. Akisema anasikia, anasema kweli. Na kwa kuwa sauti za watoto ni nyembamba, wajukuu ndio wa kwanza kuonekana wananong'ona.

Hata hasira yake ina sababu. Sikio lililopoteza seli hizo halipokei sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulikera kama zamani, pengine zaidi. Nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" imebaki ndogo sana, na mkipaza sauti mnaipita. Tena kupiga kelele hukuza irabu, konsonanti zikabaki palepale. Zimeni televisheni, msogeleeni, kaeni naye uso kwa uso penye mwanga, semeni polepole kidogo. Asipoelewa msirudie maneno yaleyale, geuzeni: "Asha yuko mlangoni." Hili halina gharama, mnaweza kuanza leo jioni.

Turudi kwenye kifaa. Vingi vya bei ya chini hukuza kila kitu kwa pamoja, sufuria, pikipiki na irabu ambazo Baba hana shida nazo. Atakivaa siku mbili kisha atakitupa kabatini, na baada ya hapo kumshawishi avae kilicho sahihi ni kazi kubwa. Kifaa cha kweli cha usikivu hupangwa kwa kufuata audiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha usikivu, ya mvaaji: huinua sauti nyembamba alizopungukiwa na kuzuia zile kubwa zisimuumize. Kipimo chenyewe hakiumi. Anakaa kwenye chumba tulivu, anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe kila asikiapo mlio hata ukiwa hafifu, kwa kawaida kuanzia hezi 250 hadi 8,000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi). Kwa mtu wa korona sitashangaa mstari wa kipimo ukididimia karibu na hezi 4,000, maana hapo ndipo kelele za kazini huacha alama. Anzeni hospitali ya Bombo, Tanga, na ikihitajika ombeni rufaa ya hospitali ya KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam.

Akipewa kifaa, wiki za mwanzo kila kitu kitamshtua, hata kandambili zake mwenyewe. Ubongo unahitaji muda kuzizoea tena sauti ulizozisahau. Avae saa chache nyumbani penye utulivu, kisha aongeze, na arudi kliniki kurekebishiwa. Kwa unyevu wa pwani, usiku kikae kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu.

Vijiti vya pamba aviache kabisa. Vinasukuma nta ndani, na nta ya mtu mzima huwa kavu na ngumu, peke yake yaweza kupunguza usikivu. Kliniki wataangalia hilo kabla ya kupima. Pimeni pia sukari na presha. Mwelezeni daktari dawa zote anazotumia au alizowahi kutumia: kwinini huleta mlio masikioni, na sindano za jentamisini zaweza kuua seli zilezile. Asiache dawa yoyote bila ushauri. Na siku sikio moja likiziba ghafla bila sababu, msingoje liachie lenyewe, mpelekeni siku hiyohiyo.

Naomba msimwachie kwa kusema "ni uzee tu". Mwaka 2020 tume ya jarida la tiba la Lancet iliuweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na ni jambo ambalo linaweza kushughulikiwa. Mzee asiyefuata mazungumzo huanza kukwepa baraza, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kaka yako bado ana nafasi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) inavumilika saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu. Kama kumwita mteja aliye umbali wa mkono mmoja kunamlazimu apige kelele, kelele ya mashine imeshapita kiasi. Pamba haikingi. Anunue vizibo vya sponji kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Akisokote kizibo kwa vidole safi mpaka kiwe chembamba, kwa mkono wa pili avute sikio juu na nyuma, akiingize, kisha akishikilie kama nusu dakika mpaka kitanuke. Sauti yake mwenyewe ikianza kusikika nzito kichwani, kimekaa vizuri.