Kwa unayeanza kukusanya mabango ya zamani ya soda ya Kiebrania

Wanaoanza huniuliza bei kabla ya yote. Mimi huwaambia waanze na umri wa bango, maana bei yote imesimama juu ya umri huo. Muuzaji akikwambia "hili ni la miaka ya arobaini", hayo ni maneno ya mdomo. Karatasi yenyewe ina ushahidi wake, na kwa matangazo ya vinywaji ya Kiebrania ushahidi huo ni mwingi kwa sababu fedha ya kule, Palestina ya zamani na baadaye Israeli, imebadilika jina mara kadhaa.

Kwa hiyo tafuta bei ya chupa au glasi. Chini ya utawala wa Uingereza, kuanzia 1927, pauni ya Palestina iligawanywa kwa mil 1000. Mil ziliendelea kwa muda mfupi baada ya Israeli kuundwa mwaka 1948, kisha 1949 zikaja pruta, nazo pia 1000 kwa lira moja, yaani pauni ya Israeli. Tarehe 1 Januari 1960 pruta ikaipisha agora, 100 kwa lira. Shekeli ikaanza Februari 1980, na shekeli mpya Septemba 1985. Ukikuta bei kwa pruta, bango hilo ni la kati ya 1949 na 1960, hata muuzaji aape vipi. Jifunze majina haya matano (mil, pruta, lira, agora na shekeli) kwa herufi za Kiebrania kabla ya kujifunza neno lingine lolote.

Ushahidi wa pili ni mwaka, na hapa aliyesoma chuo cha Kurani akajua hesabu za abjadi, yaani herufi za Kiarabu zinazosimama badala ya tarakimu, amekwisha kutangulia. Kiebrania huandika miaka kwa herufi, na thamani zake zinalingana na zile za abjadi: yod ni 10, resh ni 200, shin ni 300, tav ni 400. Miaka ya Kiyahudi imo katika elfu tano na ushei, na elfu tano hizo za mwanzo kwa kawaida huachwa. Jumlisha herufi, kisha ongeza 1240. Tav, shin na yod ni 710, ukiongeza 1240 unapata 1950. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo mwaka huo ulianza mwishoni mwa 1949. Matangazo mengi hayana mwaka, lakini kalenda za ukutani zilizogawiwa na kampuni za soda huwa nao, nami nawashauri wanaoanza wazitafute hizo kwa makusudi.

Halafu ijue historia ya vinywaji vyenyewe. Kabla ya soda za kampuni kubwa kulikuwa na gazoz: maji ya gesi yaliyochanganywa na sharubati, yakiuzwa kwa glasi kwenye vibanda vya barabarani. Tel Aviv ilikuwa na kibanda cha namna hiyo kwenye Rothschild Boulevard tangu 1910. Vita Kuu ya Pili ilipozuia machungwa ya Jaffa kusafirishwa kwenda Ulaya, matunda mengi yalibaki nchini yakaenda kwenye viwanda vya juisi, ndiyo maana machungwa yametawala matangazo ya wakati ule. Kampuni ya soda ya Tempo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo tangazo lake lenye bei ya mil ni la kutiliwa shaka papo hapo. Coca-Cola ilianza kutengenezwa Israeli mwaka 1968, na baada ya hapo nchi za Kiarabu zikaisusia kwa miaka mingi. Pepsi iliingia sokoni huko 1992 tu. Ukiletewa bango la Pepsi la Kiebrania linalodaiwa kuwa la 1955, rudisha kwa heshima.

Baada ya hayo chukua kioo cha kukuzia. Mabango ya miaka ya 1930 mara nyingi yalichapwa kwa mawe (mchoro huchorwa juu ya jiwe bapa, kisha karatasi hukandamizwa juu yake), na rangi yake huonekana imelala bapa au imetawanyika kama chembe za mchanga. Nakala za siku hizi zimepigwa picha kutoka kwa bango la asili, kwa hiyo hata sehemu iliyopaswa kuwa nyekundu tupu utaona vidoti vya rangi nne vilivyojipanga. Lakini matangazo ya miaka ya 1960 na kuendelea yalikuwa na vidoti tangu mwanzo, hasa penye picha ya chupa, kwa hiyo kioo peke yake hakitoi hukumu.

Si kila nakala ni ya udanganyifu. Bango maarufu kuliko yote kutoka kule, "Visit Palestine" la mchoraji wa matangazo Franz Kraus la 1936, lilichapwa upya mwaka 1995 na David Tartakover, msanii wa michoro, kazi ya wazi kabisa. Tatizo huja nakala ya namna hiyo ikipita mikono kadhaa na asili yake kusahaulika. Kraus alichora pia matangazo ya sigara na chokoleti. Jina lake au la ndugu Shamir, waliobuni nembo ya Israeli ya 1949, hupandisha bei sana. Soda nyingi zilitangazwa na wachoraji wasioweka saini, na hapo ndipo mwenye fedha kidogo anaweza kununua kitu kizuri.

Mimi ningeanza na vikadi vya vibandani, vile vya kadibodi vyenye tundu la kupitisha uzi. Vilining'inia kwenye jua, vikashikwa na mikono yenye sharubati, na madoa yao nayathamini kuliko usafi wa bango lililokaa ghalani. Kabla ya kununua chochote, kaa jioni kadhaa na mabango ambayo Maktaba ya Taifa ya Israeli imeyaweka mtandaoni, na katalogi za minada kama Kedem ya Yerusalemu, mpaka jicho lizoee herufi za kila kipindi.

Kuhusu utunzaji: usiweke gamu wala gundi ya selotepu, na usikubali kufunikiwa plastiki kwa joto, maana hiyo haitoki tena. Kanda ya pwani adui mkubwa ni unyevu. Weka bango kati ya karatasi zisizo na asidi, mbali na ukuta wa nje, na ukilitundika liwe mbali na jua, kioo kisiguse wino.

Muuzaji akikubali kukutumia, mwombe kwanza picha ya mgongo wa bango, iliyopigwa mchana, uone viraka na mikunjo. Bango la karatasi liviringishwe kwenye bomba pana. Kadibodi isiviringishwe kabisa, isafirishwe imelala kati ya mbao mbili nyembamba, na gharama hiyo ya ziada ulipe wewe.