Hologramu zinazofutika: maswali yenu kuhusu polima zenye kiu ya mwanga

Niliwahi kugusia hapa polima, yaani plastiki, zinazoandikwa hologramu (picha za pande tatu zinazorekodiwa kwa mwanga) kwa leza, zikafutwa, kisha zikaandikwa upya. Maswali yamekuja mengi. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Ndugu mwandishi, polima hizi zinatofautianaje na filamu ya kawaida ya hologramu?

Filamu ya kawaida hubadilika kikemia, na kilichoandikwa kimeandikwa. Hizi hurekodi kwa umeme. Miale miwili ya leza ikikutana ndani ya utando wa polima hupanga mistari ya mwanga na giza. Penye mwanga huzaliwa chaji. Zile chanya huruka kutoka molekuli moja hadi nyingine mpaka zinaswe gizani; zile hasi hubaki zilikozaliwa. Kutengana huko huzaa uga wa umeme unaozigeuza molekuli za rangi, ambazo umbo lake ni kama vijiti, na zikigeuka, utando unaupinda mwanga kwa kiasi tofauti mstari kwa mstari. Mulika utando wote kwa mwanga ulio sawa, chaji hutawanyika na picha hupotea.

Mnalalamika kwamba hazihisi mwanga vya kutosha. Si muongeze tu kiungo kinachomeza mwanga?

Kosa lililo ndani ya swali hili wamelifanya wengi, mimi nikiwemo. Utando huwa na unene wa takriban mikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Ukijaza kiungo hicho, tabaka la mbele hunywa mwanga wote na la nyuma hubaki na kiu. Mwale wa kusomea, yaani ule unaoionyesha picha iliyokwisha kuandikwa, nao humezwa, hivyo picha hufifia.

Kuna kubwa zaidi. Mwanga uliomezwa bado si chaji. Elektroni na tundu lake, yaani chaji chanya inayobaki elektroni inapoondoka, huzaliwa pamoja na kuvutana, na ndani ya plastiki mvuto huo ni mkali kwa sababu plastiki haiwezi kuupunguza kama fuwele nyingi zinavyoweza. Jozi nyingi hurudiana kabla hazijafanya kazi yoyote. Kinachozitenganisha ni uga wa umeme kutoka nje, na ndiyo maana maabara huweka volti 50 au zaidi kwa kila mikromita. Pigia hesabu utando wa mikromita 100: volti 5,000.

Halafu kiungo chenyewe. Fulerini ya C60, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira ambayo hutumiwa sana kumeza mwanga, ikishapokea elektroni hugeuka kuwa mtego wa chaji. Mitego ikilimbikizana, utando huzidi kuwa mzito wa kuitikia mwanga kadiri unavyotumika. Kwa hiyo mimi ningeweka C60 kidogo, chini ya asilimia moja, na jasho langu lote ningelimwaga kwenye polima inayopitisha matundu haraka. Ningeongeza pia kilainishi, ili vile vijiti vigeuke bila kukwama hata katika joto la kawaida la chumbani.

Volti elfu kadhaa haziunguzi utando?

Huunguza. Kiputo kimoja cha hewa au chembe ya vumbi inatosha: cheche inaruka, na utando wa wiki nzima umekwisha. Ujanja uliopo ni kupandisha volti wakati wa kuandika tu, kisha kuzishusha ili kuishikilia picha.

Picha za pande tatu zinazosogea zimefikia wapi?

Polima ya kwanza ya aina hii ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, California. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Arizona pamoja na kampuni ya Nitto Denko walionyesha skrini ya inchi 4 kwa 4: kuiandika kulichukua dakika kadhaa, na picha ilionekana kwa saa kadhaa. Mwaka 2010 kundi la Arizona lilibadilisha picha kila sekunde 2, kwa leza inayotoa midundo 50 kwa sekunde, kila mdundo ukiwa wa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) chache. Sekunde 2 bado si video, lakini fikiria kilichotakiwa: chaji zizaliwe ndani ya mdundo huo mfupi, kisha zisafiri mwanga ukiwa umeshazimika.

Zinaweza kusaidia kuona ndani ya mwili?

Hapo ndipo usikivu wa mwanga unapohitajika kuliko ung'avu. Mwanga wa nanomita 700 hadi 900 hupenya nyama vizuri zaidi, lakini unaorudi ni hafifu na umevurugika. Hologramu huuchuja: hurekodi ule tu unaoafikiana na mwale wa rejea, yaani ule mwale wa pili wa leza usiopita mwilini. Shida ni kwamba damu inatembea na kifua kinapumua, kwa hiyo kurekodi kunatakiwa kuishe ndani ya milisekunde. Picha ikiwa hafifu, isome kwa mwale mkali wa rangi ambayo kiungo chako hakiimezi, usije ukaifuta kwa kuitazama.

Nikisoma kwamba polima fulani ina "usikivu mara kumi", niulize nini?

Uliza unene wa utando, volti kwa mikromita, rangi ya leza na ukali wake. Utando ukiongezwa unene, hologramu inaweza kung'aa zaidi bila kemia kubadilika hata chembe. Uliza pia kama kipimo kilichukuliwa kwenye utando mpya, au kwenye ule uliokwisha kushinda chini ya leza kutwa nzima.